Fisimaji na Mnyoo wa Mpira

Alikuwapo Fisimaji mmoja, mvuvi mwenye majivuno yasiyo kifani. Alificha ndoana ndani ya mnyoo wa mpira, akauzamisha kwa uzi hadi chini ya maji. Akauvuta kidogo, akautuliza, akautikisa mkia.

Sangara akautazama, akapiga miayo. "Bwana Fisimaji, huo ni mpira mtupu."

"Mpira?" Fisimaji akafura kwa hasira. "Huu ni mtamu kuliko mnyoo hai!"

"Umewahi kuuonja?"

Fisimaji hakukubali kuumbuliwa na samaki. Akauopoa mnyoo, akautia kinywani, akautafuna kwa madaha, ndoana ameshaisahau. Ikamnasa mdomo.

Sangara akaudaka uzi uliokuwa bado majini. Akauvuta kidogo, akautuliza, akautikisa. Fisimaji akarukaruka huku akipiga mayowe.

"Njooni muone," Sangara akawaita wenzake. "Hiki sasa ndicho chambo hai!"