Bahasha ya Bujiku

Juu ya bahasha kulikuwa na maneno ya wino mwekundu: IFUNGULIWE NA DAKTARI. Bujiku alikuwa ameshaichana upande mmoja.

"Baba Ritha, kliniki ni kesho saa tatu," mkewe Mbuke alimkumbusha. "Daktari alisema tuipeleke ilivyo."

"Miaka thelathini natuma mawe ya dhahabu maabara," Bujiku alisema, akakohoa mpaka kochi likalia. "Sijawahi kumwacha mnunuzi asome majibu kabla yangu. Nianze leo, kwa pafu langu mwenyewe?"

Katika machimbo ya Geita, Bujiku alisifika kwa mambo mawili: hajawahi kudanganywa na mnunuzi wa dhahabu, na hajawahi kuvuta sigara hata moja. Saratani ya pafu haikulijali hilo la pili. Ilimkuta, ikakaa, ikaanza kutambaa kuelekea kwenye mifupa. Wiki tatu zilizopita kipande cha nyama, ukubwa wa punje ya mchele, kilitolewa kifuani mwake kikasafirishwa mbali, kupimwa kama seli za saratani zina mabadiliko kwenye kitu kinachoitwa kipokezi cha ukuaji. Daktari alieleza kwa nusu saa nzima. Bujiku aliitikia kwa adabu, akaondoka na neno moja tu: mabadiliko.

Sebule ilikuwa imejaa hofu. Baba mkwe, Mzee Mageni, mwenye miaka themanini na minne na mgongo ulionyooka kama mlingoti wa bendera, alikuwa ametoka kijijini kwake karibu na Mwadui ili amwone mkwewe kabla mambo hayajaharibika. Ritha, binti yao, mwalimu wa Kiingereza, ndiye aliyepewa karatasi asome.

"Maisha yangu yote namwomba Mungu maabara ipate kitu," Bujiku alinong'ona. "Leo naomba isipate."

Ritha alisoma kimya. Akarudi juu, akasoma tena, kama wanafunzi wake wafanyavyo wakitumaini swali litabadilika.

"Sema, mwanangu."

"Mabadiliko..." Akaikunja karatasi. "Yamepatikana, baba."

Mbuke aliachia kilio ambacho majirani wa pande zote nne walikielewa bila mkalimani. Haukupita muda, Mama Vumilia wa nyumba ya pili alikuwa uani na sufuria kubwa ya msibani, kwa tahadhari tu.

Bujiku aliinua mkono.

"Siwezi kwenda na mzigo huu. Baba, shikamoo."

"Marahaba," alijibu Mzee Mageni, ingawa walikuwa wamesalimiana asubuhi.

"Wale ng'ombe kumi na wanne niliokuletea, mahari ya Mbuke."

"Ng'ombe wazuri. Nimewasifu mbele za watu miaka thelathini na mitano."

"Walikuwa wako."

Mzee Mageni alisogeza kiti karibu.

"Wale walioibwa zizini kwako masika yale," Bujiku aliendelea, macho kwenye dari. "Niliwaficha porini huko Bukombe miezi minne, nikawachoma alama mpya, nikakurudishia. Sikuwa na hata mbuzi, baba. Na wewe ulikuwa unataka kumwoza kwa yule karani wa pamba."

Mbuke aliacha kulia katikati ya kilio, mdomo ukabaki wazi. Mzee Mageni alimtazama mkwewe. Mshipa wa shingo ulimsimama, ukacheza, kisha taratibu ukalala.

"Niliwasindikiza mwenyewe mpaka zizini," alisema. "Nikawachinjia wageni fahali mmoja kwa furaha." Alivuta pumzi. "Ungekuwa mzima, Bujiku, ningekuvunja miguu yote miwili. Lakini sipigani na mtu anayekwenda kaburini. Nimekusamehe."

Bujiku alifumba macho. Hakukohoa tena. Uso wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyowahi kuwa tangu ajifunze kuchimba.

Pembeni, Ritha alikuwa amempigia yule daktari, Serafina, na kuiweka simu kwenye spika ili wote wasikie. "Daktari, tumefungua, utusamehe. Yamepatikana. Tuambie ukweli, amebakiza wiki ngapi?"

"Wiki?" sauti ilishangaa. "Na hicho ninachosikia ni kilio? Jamani, hayo ndiyo tuliyokuwa tukiomba yapatikane! Yasingekuwepo, vile vidonge vya kuyalenga visingemfaa kitu. Mleteni kesho aanze kumeza. Simwahidi milele, lakini nina wagonjwa wenye majibu kama yake, huu mwaka wa nne, wanalima."

Simu ikakatika. Kwenye kochi, Bujiku alifumbua jicho moja.

Mzee Mageni alikuwa ameshasimama, anakunja mikono ya shati.

"Mbuke," alisema kwa upole, "funga mlango."

Mbuke alikuwa ameshaufunga.