Nyumba Isiyo na Kizingiti

Kila asubuhi Ancilla huketi mlangoni, ungo mapajani, akichambua maharage kabla jua halijawa kali. Asubuhi moja mkono ulitokea ubavuni pake bila yeye kuuona ukija, ukauchukua ungo.

"Acha, Anci," alisema mumewe, Adolphe. "Inès atachambua."

"Nimekosa nini?"

"Jana tulitafuna mawe."

Alisema kwa upole, wala hakucheka. Akampelekea binti yao ule ungo, kisha akaenda zake kwa fundi aliyekuwa akiwajengea.

Ancilla alibaki na mikono mitupu. Leo ungo. Juzi kisu cha kumenyea ndizi. Mwanamke hanyang'anywi jiko kwa siku moja. Hunyang'anywa chombo baada ya chombo.

Nyuma ya kibanda chao cha udongo na shitingi, turubai la wakimbizi, nyumba mpya ya matofali ilikuwa imefika usawa wa madirisha. Kijiji chote cha Rubondo, humo kambini, kilipita kuitazama. Walianza kuijenga waliporudi kutoka mjini Mbarara. Walikuwa wamekwenda kuulizia mabati, na kwa kuwa moshi wa jikoni ulikuwa ukimwasha Ancilla macho, wakapitia kwa daktari. Daktari alisema kwa Kiingereza. Adolphe akasikiliza, akauliza, akasikiliza tena.

"Munganga anasema ni moshi wa kuni," alitafsiri mwishowe. "Utatia matone haya."

Njia nzima ya kurudi, mpaka wakaupita mji wa Kaberebere, Adolphe alitazama nje ya dirisha la gari. Ancilla alidhani anawaza bei ya mabati.

Nyumba ya furaha hujengwa kwa kelele. Hii ilijengwa kwa kunong'ona.

"Kizingiti hapana," alimsikia Adolphe akimwambia fundi Rénovat. "Mama atajikwaa."

Siku nyingine: "Mulango uangalie jiko, moja kwa moja. Mama akitoka, asipinde fasi yoyote."

Mama. Kwa Wakongomani kama Adolphe kila mwanamke ni mama, wa sokoni mama, wa kisimani mama. Lakini mama wa kujengewa nyumba, Ancilla alimjua mmoja tu. Mama Pascaline, aliyemzaa Adolphe, alibaki Baraka, kule Kivu ya Kusini. Harusini hakuja. Alituma neno: hatakula chakula kilichopikwa na mkono wa Mrundi.

"Mama mkwe anakuja, dada," Rénovat alimtania, akikoroga udongo. Naye alikuwa Mrundi kama Ancilla, alijua mahali pa kuchoma. "Ficha sufuria zako."

"Amekuambia nani?"

"Nyumba yenyewe inasema. Wewe umewahi kuulizwa mlango uwe wapi?"

Hakuwahi. Alitaka kumwuliza Adolphe, badala yake akaenda kuchota maji. Yako maswali ambayo ukiyatoa tu kinywani, umekwisha kuyajibu.

Jumapili moja alimsikia nyuma ya ukuta, akiongea kwa simu na pasta Eliezeri. Sauti ilikuwa chini, kama ya mtu aliye msibani.

"Mama hajui bado, pasta. Nyumba ikiisha nitamwambia. Nitamwambia mimi mwenyewe."

Ancilla aliegemea tofali. Hata bibi kizee mwenyewe hajui! Ataletwa kama kuku, afunguliwe miguu akishafika.

Kisha ikaja kamba. Adolphe alichimbia miti, akaivuta kamba nene kutoka mlango mpya hadi jikoni, na nyingine hadi chooni. Ancilla alipotoka na ndoo, alimkuta Inès akitembea taratibu, mkono juu ya kamba, macho ameyafumba kabisa.

Akaitua ndoo. "Unafanya nini?"

"Baba amesema nijaribu," alisema mtoto, bado amefumba macho. "Nione kama mtu anaweza kufika bila kuona."

Hapo Ancilla akaelewa. Mama mkwe amepofuka. Ndiyo maana ya kizingiti, ndiyo maana ya mlango. Na kwa kuwa hali chakula cha Mrundi, Inès ndiye anafundishwa jiko. Kila kitu kilikaa mahali pake, isipokuwa yeye. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mgeni huyu alikuwa anakuja ili mwenyeji atoke.

Siku bati la mwisho lilipopigiliwa, Ancilla alifunga nguo zake ndani ya kitenge. Akitoka, bega lake liligonga nguzo ya kibanda. Akailaani. Siku hizi kila kitu kilimvizia kutoka pembeni.

Adolphe alikuwa amesimama kwenye mlango mpya. Aliliona lile furushi.

"Unaenda fasi gani, Anci?"

"Kwa dada yangu, Kabingo. Mama yako akifika, akute jiko liko wazi. Inès atampikia, kama ulivyopanga."

"Mama yangu?"

"Nimeiona kamba, Adolphe. Ungeniambia tu kwamba amepofuka. Pamoja na matusi yake yote, ningemwosha miguu, ningemshika mkono. Ulidhani nina moyo gani?"

Adolphe alimsogelea, akaushika mkono wake, akauweka juu ya kamba, kisha akaufunika kwa mkono wake mwenyewe.

"Anci," alisema, "mama yangu anapitisha uzi kwenye sindano mpaka leo, bila miwani. Siku ile Mbarara, munganga hakusema moshi. Mama wa nyumba hii ni wewe."