Kamba ya Wapueblo

Alhamisi, tarehe kumi Agosti 2017, saa tatu usiku, jua la London likiwa ndiyo kwanza limezama, Naftali alikuwa akikaanga vitunguu aliposikia ving'ora vikiingia mtaani. Alichungulia dirishani. Mlango wa jengo la pili ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, na watu wa faya walikuwa tayari wanaukata.

Alizima jiko, akakaa sakafuni. Kamba yake ilining'inia ukutani na fundo moja lilikuwa bado. Siku yenyewe ilikuwa kesho.

Majengo yalikuwa matatu, Naftali akikaa la kwanza, mtaa wa Thornton Heath, nyuma ya barabara ya maduka, yote ya kampuni moja iliyotaka kuyauza matupu. Kampuni iliuacha ukungu ukapanda kuta mpaka darini, na ukungu huo ndio uliommaliza Zipporah, mke wa Naftali. Kifua kilimbana mwaka mzima huku ajenti wa kampuni akiwaandikia wafungue madirisha. Mbunge alikuja, akapigwa picha, akaenda zake. Kaunsili ikasema si kazi yake. Naftali hakuwa na pa kwenda, wala hakutaka kwenda. Jiko lile Zipporah alilipaka rangi ya manjano kwa mikono yake, na mumewe alikuwa ameapa kufia humo.

Wazo la kamba lilitoka kwa Hemant wa jengo la tatu, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kisumu. Kila walichopanga wapangaji kwenye WhatsApp kilimfikia ajenti kabla hawajamaliza kukubaliana. Ndipo Hemant akawahadithia Wapueblo, wenyeji wa asili wa Amerika waliokaa nyumba za udongo zilizopandana ghorofa juu ya ghorofa. Wahispania waliwajia na msalaba mkono mmoja, mjeledi mkono wa pili. Wakawanyang'anya mahindi, wakachoma vinyago vyao vya ibada, wakawachapa wazee wao wa dini hadharani. Vijiji vilikuwa mbalimbali, na lugha zao hazielewani hata kwa salamu. Basi wakatuma wakimbiaji na kamba zenye mafundo. Kila siku kijiji kilifungua fundo moja; la mwisho likifunguka, wote wainuke pamoja.

"Na wakashinda?" Naftali aliuliza.

"Waliwafukuza wote, mpaka gavana. Miaka kumi na miwili hapakukanyaga Mhispania."

"Halafu?"

Hemant akamwambia anywe chai, inapoa.

Wakakubaliana. Fundo la mwisho lingeangukia Ijumaa, kabla ya madalali wa mahakama kuja kuwatoa. Milango yote mitatu ingefungwa kwa mpigo mmoja, waandishi wa habari wakiwa barabarani. Jengo moja peke yake lingevunjwa kama yai. Matatu pamoja, labda, yangesikilizwa.

Naftali alizifunga kamba mwenyewe, akazisambaza Jumapili mchana ndani ya mfuko wa mboga. Ya jengo la pili alimkabidhi Bi Mwanakombo, mama wa Mombasa, Mji wa Kale, aliyekuwa akitunza vikongwe wa Kizungu kwa ujira. Alimkuta anatoka kutia udhu. Akamwagiza: kila siku ikianza, fundo moja, na la mwisho likifunguka afunge mlango asingoje mtu.

Bi Mwanakombo alicheka, akasema siku hazijawahi kumpotea hata katika nchi hii ya mawingu. "Labda nyinyi watu wa bara ndio wa kukumbushwa."

Toka hapo kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Naftali alifungua fundo lake. Hemant naye vivyo hivyo, jua likichomoza.

Kisha ikaja Alhamisi ile. Watu wa faya walisema mnyororo mlangoni ni hatari ya moto, na mwaka ule, baada ya ghorofa zima kuteketea na watu ndani yake, London neno moto lilitosha kumaliza mazungumzo. Kufika Ijumaa adhuhuri majengo yote matatu yalikuwa yametangazwa si salama. Watu wakapakiwa kwenye mabasi na mabegi yao, huyu huku, yule kule. Ajenti alisimama na kahawa yake akitazama kama mtu aliyekuja kuangalia mpira.

Wapangaji hawakuhitaji kikao tena. Mwanakombo aliwauza. Aliwahi makusudi ili kampuni ipate sababu. Mbona hosteli Croydon aliipata kabla ya wote?

Naftali alitupwa Walthamstow, chumba kimoja, jiko la kushirikiana na watu asiowajua majina. Februari iliyofuata alisikia jengo lake linabomolewa, akaenda kutazama. Ukuta wa manjano ulikuwa umebaki juu huko hewani, ghorofa ya nne, hauna sakafu wala dari, mvua inaupiga.

Kutoka pale alipanda treni moja kwa moja hadi Croydon, akagonga.

Bi Mwanakombo alifungua. Alikuwa amekonda. Hakumkaribisha, wala hakumfungia mlango.

"Walikulipa nini?" Naftali akasema.

"Nani hao?"

"Usinichezee, mama. Uliinuka kabla ya siku."

Yule mama alimwambia kwamba tangu Agosti alikuwa akingoja mmoja wao aje, na si kuja kumshtaki. Aje amwombe radhi.

"Mimi nilingoja jua la Alhamisi lizame. Ijumaa ikaingia, nikafungua fundo la mwisho, nikafunga mlango kama ulivyoniagiza. Nikasimama dirishani nayatazama majengo yenu. Hakuna mlango uliofungwa. Nyinyi ndio mlotuuza, Naftali." Sauti ikamshuka. "Au huko kwenu siku yaanza lini?"