Pua ya Bibi

Katika karakana yao ya kuyeyusha plastiki chakavu, hakuna kipande kilichoingia tanurini kabla bibi hajakinusa. Mkwewe alikuwa akichoma ncha kwa kiberiti, na bibi, macho ameyafumba, anautambua moshi: huu wa ndoo, huu wa bomba. Cha bomba kikipenya, plastiki yote inaharibika. Pua hiyo ndiyo iliyowajengea nyumba, ikauzibua na mto uliosongwa na chupa walizoziokota kuyeyusha.

"Mama, na hiki?"

Bibi alifumba macho, akavuta pumzi, akangoja. Akavuta tena, kwa nguvu.

"Mbona huwashi, mwanangu? Au kiberiti nacho kimeanza kuringa?"

 Kipande mkononi mwa mkwe kilikuwa kimeshaungua nusu, na moshi mzito umemfunika bibi uso mzima.