Jina la Marehemu

Siku hiyo mjinga alikuwa Mwinyimvua, na mwenyewe hakatai. Alifunga duka lake la vitenge Kariakoo akaenda masjala ya mahakama, kujua kesi ya mirathi ya baba yao imefikia wapi. Namba ilikuwa kiganjani, imeandikwa kwa kalamu.

“Kaniandikia mdogo wangu,” alimwambia karani. “Yeye ndiye anayeishughulikia.”

Jasho lilishaanza kula wino. Karani, mama wa makamo, akakisogeza kiganja kwenye mwanga wa dirisha, akakisoma kama mpiga ramli, kisha akafungua daftari.

“Namba ipo. Ila marehemu si huyo baba yako.”

Mwinyimvua akatabasamu. Mjini hapa nani asiyejua kuzungushwa?

“Mama, kama ni hela ya soda, sema tu.”

“Soda kanywe mwenyewe. Soma.” Akamgeuzia daftari.

Jina la marehemu akalifuata kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka la babu. Lilikuwa lake yeye mwenyewe, Mwinyimvua. Chini yake, msimamizi wa mirathi: mdogo wake.

“Mnachezea majina ya watu!” akafoka. “Mimi nimekufa lini?”

“Kamuulize mdogo wako, marehemu. Ndiye aliyekuzika.”