Mvutaji wa Kuigiza

Mvutaji bangi aliingia na kalamu tatu mfukoni mwa koti jeupe, akapiga hodi kwenye mlango uliokuwa wazi, kisha akaomba ruhusa ya kukaa.

Mama Sindano alijikaza asicheke. Katika zahanati hii alikuwa ameona wavutaji wa kila namna, wenye macho mekundu na wenye kuchekea ukuta, lakini mvutaji aliyepiga pasi mpaka kola hajapata kumwona. Hata hivyo alimchagua mwenyewe huyu kijana wa maabara awe mgonjwa wake wa kuigiza. Mpole, hana makuu, hatamsumbua.

Na hakutaka kusumbuliwa, maana leo ulikuwa mtihani. Akishindwa, chumba cha ushauri anapewa mwingine, yeye anarudishwa kufunga vidonda. Yote haya kwa sababu ya mkufunzi mwenye viatu vinavyolia, aliyeletwa kuwafundisha wauguzi wazima namna ya kuzungumza na vijana wanaovuta. Usigombeze. Usihubiri. Uliza, nyamaza, sikiliza, robo saa inatosha. Robo saa! Mama Sindano alikuwa amelea wanne kwa ukali wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuombwa ruhusa ya kusemwa.

"Unaniruhusu tuzungumze kidogo kuhusu bangi?" aliuliza kwa shingo upande.

"Naam, Mama."

Wenzake waliokaa kando ya ukuta waliguna. Naam, Mama! Mvutaji gani huyu, wa kwaya?

"Unavuta saa ngapi?"

"Asubuhi kabla ya kazi. Halafu mchana, nyuma ya tangi la maji. Nikikosa, chakula hakipiti na usingizi hauji."

Mkufunzi alitikisa kichwa, akaandika kitu. Mama Sindano aliiona kalamu ikienda. Huyu bwege atamponza! Alimkazia macho: changamka basi, legea kidogo, ongea kama watu wa kijiweni. Kijana alikaa wima vilevile, mikono magotini, akitazama sakafu.

"Kutoka sifuri mpaka kumi, uko tayari kiasi gani kuacha?"

"Mbili."

"Kwa nini mbili, siyo sifuri?"

Katika maswali yote ya mkufunzi, hili alilidharau kupita kiasi. Mtu kakwambia mbili, nawe unamsifia mbili yake! Lakini kanuni ilisema ukishauliza ufunge mdomo, naye akaufunga kwa hasira. Kijana akazipanga upya kalamu zake mfukoni. Ukutani wakaanza kukohoa.

"Juzi nilichanganya majina kwenye vichupa vya damu vya watu wawili," alisema hatimaye. "Nikashtuka kabla majibu hayajatoka. Siku nyingine huenda nisishtuke."

Chumba kizima kiliangua kicheko.

"Mwambieni aiache maabara hukohuko!" alisema mkunga, akijipangusa macho.

Mkufunzi alisimama. "Bwana, hapana. Tulitaka kijana mvutaji, wewe umetuletea mtu wa maabara. Nani atakuamini? Nesi, wewe umefaulu. Umeuliza vizuri na umenyamaza vizuri. Mgonjwa wako ndiye aliyefeli."

Mama Sindano alicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Chumba bado ni chake. Na kwa kazi gani? Kwa kuuliza maswali ya chekechea na kufunga mdomo. Kama huo ndio utaalamu, basi hata kasuku apewe cheti.

Watu walitoka kwenda kunywa chai. Yeye alikuwa anakusanya vitu vyake alipoona kijana hajanyanyuka kutoka kiti cha mgonjwa.

"Wewe nawe, igizo limekwisha. Twende ukanywe chai, huenda ikakutia akili. Kidogo tu unirudishe kwenye vidonda, mwanangu. Hata kuvuta bangi ya uongo kumekushinda!"

Kijana alikwenda mlangoni, akaurudishia taratibu. Kisha akaja mezani, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa msokoto wa bangi, akauweka mbele yake.

"Nishikie, Mama," alisema. "Mchana huu nataka nijaribu bila huo."