Harufu ya Mama

Alipaka chumba rangi mara ya tatu, na harufu ikabaki palepale.

Godoro alishalichoma. Mapazia, mashuka, hata kiti alichopenda mama kukalia, vyote aliviondoa wiki ya mazishi. Lakini kila akikaa kupumzika, harufu ileile ilimjia: ya taya la mama, lililooza mwenyewe akiwa hai. Mungu wangu! Mwaka mzima alikisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akijikaza asigeuze uso. Siku mbili tatu aliugeuza. Mama aliona.

Hilo ndilo lililomtafuna.

"Amenikasirikia," alimwambia kaka yake kwenye simu. "Hajaondoka humu ndani."

"Acha hizo, dada. Una majonzi tu."

Majonzi gani yananuka? Yeye ni fundi cherehani, ana wateja wa miaka ishirini, na sasa wanapokea nguo zao wakiwa mlangoni, ati wana haraka. Haraka wapi! Wanaisikia, ila wanaona haya kusema.

Daktari alishawaeleza. Ni vile vidonge vya kuimarisha mifupa: huingia mifupani na kukaa humo miaka, huwasaidia wengi, ila kwa wachache taya hukataa kupona, hasa jino liking'olewa, kama alivyong'olewa mama. Mama na binti walivimeza pamoja miaka minane, kila Jumatatu asubuhi, kisha wakasimama nusu saa nzima wakitaniana, maana kulala kulikatazwa. Siku ileile ya daktari, binti alitupa vyake vyote chooni, akavuta maji mara mbili.

Basi akadhani yamekwisha. Hata wiki chache kabla ya mazishi, gego lilipomkosesha usingizi akaenda kuling'oa, aliulizwa kama anatumia dawa yoyote, akajibu hatumii. Na ilikuwa kweli. Ufizi ulikuwa bado unamsumbua, lakini nani ana muda wa ufizi wakati mama yake hajatulia?

Kila jioni alipiga magoti katika chumba kitupu. "Mama, nisamehe. Sikukuchukia. Nilishindwa tu."

Kadiri alivyosema, ndivyo harufu ilivyozidi.

Mwishowe akasalimu amri. Akafunga nyumba, akabeba cherehani, akapanda basi kwenda kwa kaka yake, mwendo wa kutwa nzima. Njiani aliketi dirishani na kioo wazi, kimya, upepo ukimpiga usoni. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakuisikia harufu. Akalia kwa furaha na kwa aibu, kwa jinsi alivyomkimbia mama yake.

Mlangoni alipokewa na mke wa kaka yake, muuguzi, mwanamke wa vicheko.

"Karibu, wifi! Jamani, mbona umekonda hivi?"

Sebule ilikuwa safi, sakafu imetoka kupigwa deki. Akakaa, akaanza kumwaga yote ya moyoni.

"Nimemwacha kule, wifi yangu. Nimemwacha mama peke y—"

Harufu ileile! Ilikuwa imejaa sebule nzima.

"Amenifuata!" Akamshika mwenzake mkono. "Niambie ukweli, na wewe unaisikia?"

"Naisikia."

Wifi yake hakucheka. Alisogea, akamshika kidevu taratibu kwa vidole viwili, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Wifi," akasema, "hebu fungua mdomo."